Mkono Una Siku Zake

Hapa Busia ukisema uliwahi kulipwa kwa kucheza mpira, watu huuliza ulichezea nani, Ingwe au Gor, na wa upande wa Uganda huuliza kama ni Villa au KCCA. Nikijibu kwamba mimi nililipwa kurusha mpira wa kriketi, maongezi hufa palepale, mtu anarudi kuuliza bei ya saruji. Siwalaumu. Sikuwahi kuwa nyota. Nilikuwa mmoja wa wale vijana ambao vilabu vya Nairobi huwachukua jioni wawarushie wanachama mipira, wapate kufanya mazoezi ya kupiga. Unarusha, mheshimiwa anapiga, unaukimbilia mpira majanini, unarudi kurusha tena. Jua likizama unapewa nauli na kitu kidogo juu yake.

Bega liliponikataa nikarudi nyumbani. Kwetu ni upande wa Kenya, duka langu la mabati na saruji ya Tororo liko upande wa Uganda, na Jumamosi napanda teksi kwenda Tororo kufundisha watoto kurusha, wengine kriketi, wengine besiboli, kwenye uwanja ambao ule mwamba mkubwa unauchungulia. Haya ninayoyaeleza nimeyapata kwa bega langu, kwa watoto hao, na kwa kufuatilia maisha ya warushaji wakubwa waliostaafu.

1. Mwenye kasi hushangiliwa, mwenye subira huitwa tena

Kama kuna mrushaji mstaafu ambaye kila kijana wa Afrika Mashariki angepaswa kumjua, ni Aasif Karim. Alizaliwa Mombasa mwaka 1963. Alikuwa mtu wa michezo miwili: tenisi aliichezea Kenya katika Davis Cup, na kriketi aliichezea mpaka akawa nahodha. Februari 1996, Kenya ilipocheza na India mechi yake ya kwanza kabisa ya kimataifa ya siku moja, yeye alikuwemo. Siku chache baadaye Kenya hiyohiyo iliiangusha West Indies mjini Pune, jambo ambalo wazee wa Nairobi bado wanalisimulia kana kwamba lilitokea juzi. Kombe la Dunia la 1999 aliongoza timu kama nahodha, kisha akastaafu, akaendelea na kazi yake ya bima.

Kwa msomaji asiyeijua kriketi: mrushaji hurusha mipira sita, hiyo ni ova moja, halafu anampisha mwenzake. Akimtoa mpigaji, amechukua wiketi. Wapigaji wakikimbia na kubadilishana pande, timu yao imepata mkimbio mmoja. Karim alirusha kwa mkono wa kushoto, polepole, mpira wa kuzungushwa kwa vidole. Mtu anayepita njiani angedhani anacheza na watoto.

Mwaka 2003 akaitwa tena. Alikuwa na miaka 39. Machi 15, mjini Durban, Kenya ilikutana na Australia, mabingwa wa dunia. Kenya ilipiga kwanza ikapata mikimbio 174, baada ya Brett Lee kuwang'oa wapigaji wetu watatu kwa mipira mitatu mfululizo. Sisi tulikuwa tumebanana kwenye chumba cha wafanyakazi wa klabu, televisheni ndogo juu ya friji, na wengi walikuwa wameshaanza kutafuta viatu vyao waondoke. Waaustralia walikuwa wakiiponda mipira ya vijana wetu wa kasi. Ndipo Karim akapewa mpira.

Ricky Ponting, nahodha wao, akatoka. Darren Lehmann akatoka. Brad Hogg akaurudisha mpira mikononi mwa Karim mwenyewe, naye akatoka. Mzee alirusha ova 8 na mipira 2, akatoa mikimbio 7 tu, akachukua wiketi 3. Ova 6 kati ya hizo hawakuambulia hata mkimbio mmoja. Mpishi wa klabu, ambaye kriketi aliiona kama ugonjwa wa matajiri, alisimama mlangoni na mwiko mkononi hata sufuria ikaungua. Australia walishinda kwa wiketi 5, tena kombe wakalichukua, lakini mchezaji bora wa mechi ile alitajwa Aasif Karim.

Tangu hapo nikaacha kushindana na vijana kwa kasi. Nilianza kuangalia miguu ya mpigaji: anayeegemea mbele mapema, huyo ana pupa, mpe mpira wa taratibu unaochelewa kufika. Hili ndilo ninalowafundisha wa Tororo, na ndilo wanalolichukia zaidi. Mpe mtoto mpira, atataka kuupasua.

Wakibisha nawapa ushahidi. Kwenye besiboli ya Marekani yupo Jamie Moyer, ambaye Aprili 2012, akiichezea Colorado Rockies, alishinda mechi akiwa na miaka 49, mrushaji mzee kuliko wote kuwahi kushinda katika ligi kuu. Mipira yake siku hiyo haikufika maili 80 kwa saa, na kwenye ligi ile kijana wa maili 95 haonekani wa ajabu. Na kwa Waganda wanaotaka wa kwao, kuna Frank Nsubuga. Juni 2024 huko Guyana, akiwa na miaka 43, alirusha ova 4, akatoa mikimbio 4, akachukua wiketi 2, na Uganda ikaifunga Papua New Guinea. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa Uganda katika Kombe la Dunia la kriketi ya ova 20. Asubuhi yake pale dukani wateja wa upande wa Kenya hawakuweza kupumua kwa matani.

2. Mkono ni wa mtoto, si wa shule

Mashindano ya shule yakikaribia, mwalimu wa michezo humwangalia mtoto mmoja mwenye mkono mzuri na kumbebesha timu nzima. Atarusha asubuhi, atarusha mchana, na kesho yake tena. Akitoka hapo anapitia kisimani, anabeba mtungi wa lita 20 kwa mkono uleule. Jumapili yuko shambani kwa baba yake. Jumatatu mwalimu anashangaa kwa nini mpira hauendi.

Kiwiko kina kano ndogo upande wa ndani, na ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya adhabu ya kurusha. Tommy John, mrushaji wa besiboli wa Los Angeles Dodgers, alikatikiwa kano hiyo mwaka 1974. Enzi zile hiyo ilikuwa barua ya kustaafu. Daktari Frank Jobe akachukua kano kutoka mkono wake wa kulia akaipandikiza kwenye kiwiko cha kushoto, kile anachorushia. Mwaka 1975 wote hakucheza. Alirudi mwaka 1976, akarusha hadi 1989, na kati ya mechi 288 alizoshinda maishani, 164 zilikuja baada ya kisu. Leo upasuaji ule unaitwa kwa jina lake, na warushaji wengi wakubwa wameupitia.

Wazazi wakisikia hivyo huchangamka: kumbe hutengenezwa! Hutengenezwa, ndiyo, kwa wenye timu inayolipa gharama na inayoweza kukusubiri zaidi ya mwaka bila kukufukuza. Kwa mtoto wa Tororo, kinga ndiyo dawa pekee aliyo nayo. Ligi ya watoto ya Marekani ina kanuni ambayo nimeinakili kwenye daftari: mtoto wa miaka 9 na 10 asirushe zaidi ya mipira 75 kwa siku, wa miaka 11 na 12 asizidi 85, na akipita 65 apumzike siku 4. Mimi huweka mtoto mmoja kando na mahindi mfukoni, kila mpira unaporushwa anatoa punje moja anaitia kwenye kopo. Kopo ndilo linaloamua. Walimu wamenikasirikia sana kwa ajili ya kopo hilo, hasa mara moja katikati ya fainali, lakini mtoto aliketi.

Bega nalo lina habari zake. Wakati wangu hakuna aliyenieleza maana ya kupasha misuli. Tulifika tukitoka mbio kwenye matatu, tukatupa mabegi, tukaanza kurusha. Nilipoumia, ile klabu ilinitafutia kijana mwingine siku hiyohiyo, na dawa nilijinunulia. Hakukuwa na karatasi yoyote kati yetu, kwa hiyo hakukuwa na wa kumdai.

3. Glavu zimo kwenye mitumba

Vifaa vya besiboli ni ghali, na hakuna duka la kuviuza kati ya Mbale na Kisumu ninalolijua. Lakini marobota ya mitumba hufunguliwa kila wiki, na Wamarekani hutupa kila kitu. Nusu ya bodaboda wa Busia wanavaa kofia za New York Yankees bila kujua kwamba ni timu. Siku moja nilikuta glavu ya ngozi ya besiboli, ya mkono wa kushoto, imening'inizwa katikati ya mikoba ya akina mama. Nikamuuliza muuzaji ni kitu gani. Akanijibu bila kusita, "Kaka, hiyo ni ya kuepulia sufuria kubwa, ya matanga." Akanionyesha na namna ya kuishika.

Nilinunua kwa bei ya kuepulia sufuria. Mipira tunaifunga wenyewe: mpira wa tenisi, juu yake utepe wa fundi umeme, uwe na uzito kidogo. Wapakistani na Wahindi wamejifunzia kriketi kwa mpira wa namna hiyo miaka nenda rudi.

4. Upungufu hauna cha kuniambia

Mpaka wa Busia una wabebaji wa aina yake. Ni walemavu wenye baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono, wanaovusha mizigo kutoka upande huu hadi ule, baiskeli imepakiwa mpaka dereva haonekani. Mabega yao yanawatisha hata wanyanyua vyuma. Mmoja wao hunisogezea mabati madogo madogo, na tukipumzika hupenda hadithi za michezo.

Nilimsimulia habari za Jim Abbott, mrushaji wa besiboli aliyezaliwa Flint, Michigan, mwaka 1967 bila kiganja cha mkono wa kulia. Alikuwa akirusha kwa mkono wa kushoto huku glavu ameiegemeza kwenye kigutu cha kulia, na mpira ukishamtoka tu anachomeka mkono kwenye glavu kwa haraka ajilinde. Timu pinzani zilijaribu kumwonea kwa kumpigia mipira mifupi ya karibu. Septemba 4, 1993, akiichezea Yankees dhidi ya Cleveland, alimaliza mechi nzima bila mpinzani hata mmoja kupata pigo la kumfikisha kituo cha kwanza. Warushaji wengi wakubwa wamestaafu bila kulifanya hilo.

Rafiki yangu alisikiliza hadi mwisho, akafuta jasho, akauliza swali moja: "Na alilipwa sawa na wale wa mikono miwili?"

Nikamwambia alilipwa vizuri. "Basi hiyo ni hadithi nzuri," akasema, akakaza kamba ya mzigo.

5. Kuwa na kazi nyingine

Karim hakungoja simu ya kuitwa tena ili apate kula. Alikuwa na kazi ya bima. Naamini ndiyo maana alirusha kwa utulivu ule: hata Australia wangempiga kila kona, kazi yake ilikuwa ikimngoja Kenya. Mwanawe Irfan naye akaja kuichezea Kenya, lakini hilo ni jambo la damu, mimi nazungumzia mfuko.

Kinyume chake ni kuuweka uhai wako wote kwenye ustadi mmoja. Collins Obuya, kijana aliyekuwa akiuza nyanya Nairobi, Februari 2003 aliwatoa Wasri Lanka watano kwa mikimbio 24 pale Nairobi, na Kenya ikaelekea nusu fainali ya Kombe la Dunia. Uingereza wakamwita, akaenda kuchezea Warwickshire. Halafu ule mzunguko wa mpira wake ukapotea, na haukurudi kama zamani. Wengi wangezama hapo. Yeye akageuka mpigaji, na kwa miaka mingi iliyofuata akawa miongoni mwa wapigaji ambao Kenya iliwategemea. Huyo namheshimu sana, pengine kumzidi Karim, maana kubadili kazi ukiwa bado uwanjani, mbele ya watu waliokushangilia kwa kazi ya kwanza, si rahisi.

Na timu yenyewe? Baada ya 2003 ziliingia kesi za malipo, migomo, ugomvi wa viongozi. Mwaka 2014 Kenya ikapoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja. Uganda, ambayo tulikuwa tukiicheka, ndiyo iliyokwenda Kombe la Dunia la 2024. Nchi nayo hustaafu isipojiangalia.

Siku hizi wazazi wa Tororo wanasikia kwamba vijana wa Uganda wamesajiliwa Marekani. Ni kweli. Los Angeles Dodgers waliwachukua warushaji wawili, Ben Serunkuma na Umar Male, mwaka 2022, na Pittsburgh Pirates nao walimchukua David Matoma. Baba mmoja akanijia akitaka mwanawe aache shule arushe mpira asubuhi na jioni. Nilimwambia hivi: "Mzee wangu, kusajiliwa ni kuingia ngazi ya chini kabisa. Juu yake kuna ngazi nyingine nyingi, na walio wengi hurudishwa nyumbani kabla ya kuiona ligi kuu." Hakufurahi. Mtoto bado yuko shule, na bado anarusha.

6. Karatasi kabla ya kasi

Hili ndilo somo lililonigharimu usingizi zaidi kuliko bega.

Mwaka 2011 watoto wa timu moja ya Kampala walikwenda Poland wakashinda mashindano ya kanda ya Mashariki ya Kati na Afrika. Wakapata haki ya kwenda Williamsport, Pennsylvania, kwenye mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto. Hakuna timu ya Afrika iliyokuwa imefika huko. Wakanyimwa viza. Maelezo ya umri na kuzaliwa kwao hayakulingana: karatasi hii ilisema hivi, mzazi alisema vile. Nafasi yao ikaenda kwa timu ya Saudi Arabia. Januari iliyofuata watoto wa Langley, Kanada, waliokuwa wamepangwa kukutana nao, walisafiri wenyewe mpaka Uganda ili mechi ile ichezwe, na Waganda wakashinda. Mwaka 2012 vijana wa Lugazi wakafuzu, viza zikapatikana, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza Williamsport, na wakaifunga timu ya Oregon mabao 3 kwa 2.

Sasa njoo kwetu. Kama Kampala, penye ofisi zote, karatasi zilikataa, Busia itakuwaje? Mama ni Msamia wa Kenya, baba ni Mteso wa Tororo. Mtoto kazaliwa kwa bibi upande wa Kenya maana ndiko kulikokuwa na mkunga, akabatizwa upande wa Uganda kwa jina jingine, akaanza shule Malaba kwa umri uliopunguzwa ili apate nafasi, akafanya mtihani Tororo kwa umri ulioongezwa. Hakuna aliyekusudia udanganyifu. Kila mtu alikuwa akitatua shida ya siku hiyo. Kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa rasmi Februari 2018 kimerahisisha lori la mizigo kupita, lakini hakiwezi kumpa mtoto tarehe moja ya kuzaliwa.

Nimewahi kuwa na msichana mwenye mkono ambao sijaona mfano wake mpaka leo. Alirusha kwa kushoto, polepole, na mpira ulikuwa ukikata kona mbele ya mpigaji. Ilipokuja nafasi ya kusafiri na timu ya vijana, alikuwa na tarehe tatu za kuzaliwa, na cheti hakuna. Tulizunguka kwa chifu, tukazunguka kwa mwenyekiti wa kijiji upande wa pili, tukamtafuta mkunga, tukaambiwa alishafariki. Timu ikaondoka bila yeye. Siku hizi anauza samaki wakavu sokoni, ana watoto wake, na akiniona hunitania kwamba nije nimwandikishie wajukuu wake ambao hawajazaliwa.

Kwa hiyo Jumamosi, kabla sijampa mtoto mpira, namwomba aniletee nakala ya cheti cha kuzaliwa. Asiye nacho anacheza, simfukuzi, lakini mzazi wake nampa kazi ya nyumbani. Kama unasoma hapa na una mtoto mchanga, uwe Sofia au Burumba, Malaba au Osukuru: aliyezaliwa Kenya mwandikishe kwa msajili wa Kenya, aliyezaliwa Uganda mwandikishe kwa NIRA, jina moja, tarehe moja, mara moja. Nenda wiki hii. Ukikwama kwenye fomu, uliza dukani kwangu, nimeshazizoea.